Kilima Kisichopenda Haraka

Mount Royal, mlima ulio katikati ya jiji la Montreal nchini Kanada, una kimo cha mita 233 tu, na aliyewahi kuiona Kibo, kilele cha Kilimanjaro, angeuita kichuguu. Lakini tusiwe wepesi wa kucheka. Sisi ndio tunaouita mlima wa mita 5,895 kwa jina linaloanza na "kilima", kwa hiyo hatuna ubavu wa kuwasahihisha waliokosea kwa upande wa pili. Tena kimo si hoja. Raha ya mlima wa mjini ni urefu wa njia yake, na kila aliyejaribu kuifupisha njia ya Mount Royal ameaibika.

Frederick Law Olmsted, mmoja wa wabunifu wawili wa Central Park ya New York, aliibuni bustani ya mlima huu, iliyofunguliwa mwaka 1876. Alitaka njia izunguke polepole, hata farasi wa kukokota gari asihemewe. Wakaja wenye haraka. Mwaka 1885 ilianza reli ya kuwapandisha watu mlimani. Kufikia 1918 ilikuwa imekufa. Miaka ya 1950 ikaonekana vichaka vinaficha wapenzi na walevi, basi miti ikafyekwa kwa maelfu, ndiyo njia ya mkato kuelekea maadili mema. Wapenzi, nadhani, walipata pengine pa kukaa. Kilichoondoka ni udongo, uliochukuliwa na mvua. Watu wakaubandika jina la Mlima Kipara, na jiji likalazimika kupanda miti upya. Miaka hiyohiyo ya 1950 ikapasuliwa barabara ya magari, ikapewa jina la Camillien Houde, meya aliyekuwa akipinga barabara mlimani. Kumbe mpinzani ukishindwa kumshawishi, unamwandika kwenye kibao.

Utaniambia mtu wa kazi hana muda wa kuzunguka, na ngazi zipo. Zipo kweli. Watazame wanaozipanda: katikati kila mmoja anasimama kusoma ujumbe muhimu wa simu ambao haujatumwa na mtu. Wengine hukatiza msituni theluji inapoyeyuka, wakatoka na kiatu kimoja. Utasema basi, gari halichoshi. Sawa, ila jioni, penye uwanja wa kutazamia jiji kando ya barabara ya Houde, wanyama waitwao rakuni huja kuwapokea wageni wa magari. Hawakimbii. Wanasubiri mtu ageuke kupiga picha, ndipo wanazichukua chipsi.