Kambi ya Kinindo: Mwongozo wa Mgeni wa Kiboko

Mtu wa Nairobi, Arusha au Brussels akitaka kulala jirani na kiboko huanza kwa kuweka akiba. Atalipia safari, atalipia kiingilio cha hifadhi, kisha atatoa mamia ya dola kwa usiku mmoja ndani ya hema, ili gizani amsikie mnyama akitafuna majani nje ya turubai. Aliyepanga nyumba Kinindo, upande wa chini unaotazama ziwa, hupata yote hayo ndani ya kodi ya mwezi. Kiboko huja mwenyewe, hula nyasi za kando ya barabara, huacha kinyesi chake mbele ya geti, na kabla jua halijachomoza amekwisha rudi majini.

Kuna kitu kimoja tu ambacho kambi za hifadhini humpa mgeni na sisi wa Kinindo hatupewi: karatasi ya kanuni, na mtu wa kuieleza jioni ya kwanza. Hapa unapewa ufunguo na kuachiwa usiku wako. Mwongozo huu ni wa kuziba pengo hilo. Ukikuchekesha mahali, cheka, maana jirani wa tani mbili mwenye miguu mifupi anachekesha. Kanuni zenyewe zifuate kama zilivyo.

1. Jua uko katika hifadhi ya nani

Kinindo iko kusini mwa Bujumbura, kati ya milima na Ziwa Tanganyika. Upande wa pili wa jiji, njia ya Gatumba, ndiko Mto Rusizi unakoingia ziwani. Delta yake imo katika Hifadhi ya Taifa ya Rusizi, iliyoanzishwa mwaka 1980 na kuingizwa mwaka 2002 katika orodha ya Ramsar ya ardhioevu zenye umuhimu wa kimataifa. Kwenye ramani hifadhi hiyo ina mpaka. Majini haina. Kiboko anaambaa na ufuo kadiri anavyotaka, na akifika mbele ya mtaa wa Kibenga hakuna anayemwambia kwamba sasa ameingia mjini.

Kwa hiyo acha kusema viboko wamevamia mtaa. Wajerumani walipoweka kituo chao cha kijeshi Usumbura, kama Bujumbura ilivyoitwa zamani, mwishoni mwa karne ya 19, viboko walikuwa wenyeji wa siku nyingi. Sisi ndio tuliojenga juu ya malisho yao, tukayazungushia kuta, tukapanda ndani yake nyasi laini kuliko zile za mwanzo. Ukilielewa hilo, kanuni zote zinazofuata zitakuingia bila shida.

2. Chagua chumba kwa kuhesabu mita

Katika kambi za kitalii chumba ghali ndicho kilicho karibu na maji. Kinindo usifuate desturi hiyo. Sheria ya maji ya Burundi ya mwaka 2012 imetenga mita 150 kutoka Ziwa Tanganyika ziwe eneo la kulindwa, lisilojengwa. Komisioneri, yaani dalali, akikuonyesha nyumba ambayo ukiwa jikoni unayasikia mawimbi ya ziwa, mshukuru, kisha anza kuhesabu hatua.

Halafu muulize maji yalifika wapi mwaka 2021, na yalifika wapi mwaka 2024. Asipojibu, tazama ukuta. Alama ya unyevu haina cha kuficha. Ziwa hili lina mlango mmoja tu wa kutokea, Mto Lukuga, huko Kalemie upande wa Kongo, na sehemu kubwa ya maji yake huondoka kwa kukauka hewani. Mvua zikizidi miaka kadhaa mfululizo, maji hupanda polepole na kushuka polepole zaidi. Wazee wanaukumbuka mwaka 1964 kwa sababu hiyo.

Na maji yanapomeza nyasi za ufuoni, kiboko hafungi saumu. Anapanda barabarani. Kila ukuta uliojengwa ndani ya zile mita 150 humsukuma hatua moja zaidi kuelekea kwenye geti la mtu mwingine.

3. Fuata ratiba ya mwenye kambi

Hapa kwetu jua huzama karibu saa kumi na mbili jioni mwaka mzima, na kiboko anaijua saa hiyo kuliko mtu yeyote mwenye simu. Mchana hushinda majini kwa sababu ngozi yake hukauka na kupasuka juani. Giza likiingia hutoka kula, na huenda akamaliza kilo 40 hivi za majani kwa usiku mmoja. Kabla ya mapambazuko hurudi ziwani.

Panga ratiba yako ipishane na hiyo. Ukienda ufukweni kula samaki aina ya mukeke wa kuchoma na brosheti, nenda mapema, tazama jua likishuka nyuma ya milima ya Kongo, kisha inuka wakati bado unaona viatu vyako. Anayetaka chupa moja zaidi akainywee nyumbani, upande wa juu wa barabara. Wanaokimbia mazoezi ya Jumamosi asubuhi wasubiri mwanga ukamilike. Ukichelewa ukapanda pikipiki ya kukodi, mwombe dereva apite njia ya juu, hata akiongeza faranga kidogo.

4. Mtii zamu wako

Mweya, katika Hifadhi ya Queen Elizabeth nchini Uganda, viboko hupanda kutoka Mfereji wa Kazinga na kuzitembelea nyasi za hoteli. Katika kambi zisizo na ua, Uganda na Kenya, mgeni hatoki chumbani usiku mpaka askari mwenye tochi aje kumchukua. Tajiri na waziri husubiri mlangoni kama watoto wa shule, na hakuna anayeona haya.

Wewe unaye mtu huyo tayari. Ni zamu wako, aliyekaa getini tangu jioni. Anajua ni kiboko gani hupita uchochoro upi, nani ana mtoto, na ni parseli ipi ina nyasi zinazowavuta. Utakapofika na gari saa tatu usiku, akakwambia kwa sauti ya chini, “Patron, subiri kidogo, mama mwenye mtoto yuko kwenye kona,” usimjibu kwamba una haraka. Wewe unamlipa mshahara, lakini saa hiyo yeye ndiye mkuu wa kambi. Kama amekuzidi umri mwite Mzee, umshukuru, usubiri.

Na kama ni mkuu wa kambi, apewe vitendea kazi: tochi yenye betri nzima, koti la mvua, buti, simu yenye salio. Kibanda chake kijengwe kwa matofali, ndani ya geti. Zamu anayelala nje ya ukuta juu ya boksi lililokunjuliwa amewekwa mahali ambapo mwenye nyumba mwenyewe hangekubali kukaa dakika kumi. Hilo ni la kurekebisha wiki hii.

5. Adabu za kukutana

Hata ukijipanga vizuri, kuna siku mtakutana. Kanuni ni chache.

Usisimame kati yake na ziwa. Akishtuka hukimbilia majini, na aliye njiani huonekana adui. Ukigundua umeliziba ziwa, sogea pembeni, si nyuma.

Ukiwa kwenye gari, simama mbali, punguza mwanga wa taa, usipige honi. Mwachie njia ya kurudi majini, naye ataitumia.

Ukiwa kwa miguu, ingia geti lolote lililo karibu, hata la mtu usiyemfahamu. Katika mtaa wetu, kubisha hodi kwa sababu ya kiboko ni sababu tosha saa yoyote ya usiku, na mwenye nyumba afungue kwanza, maswali baadaye.

Usijaribu kushindana naye mbio. Kwa umbali mfupi anaweza kufikia kilomita 30 kwa saa, na wewe umevaa kandambili.

Mwenye mtoto mwongezee umbali mara mbili, kisha ongeza tena.

Simu ibaki mfukoni. Mwezi Agosti 2018 mtalii kutoka Taiwan aliuawa na kiboko kando ya Ziwa Naivasha, Kenya, alipokuwa akimpiga picha kwa karibu. Naivasha nako viboko hupanda hadi kwenye bustani za hoteli, na watu huwazoea. Kuzoea ndiko kunakoua. Kiboko aliyekupita kimya usiku mwingi hajakuahidi kitu. Watoto wafundishwe hivyo mapema, na waambiwe wazi kwamba kumtupia jiwe mnyama anayekula ni kumtuma akamshambulie mtu atakayekutana naye mbele.

6. Usimwandalie meza kisha ukamlaumu kwa kula

Nyasi za bustani zilizonyweshwa kila siku, lengalenga, mahindi mateke, viazi vitamu: hiyo ni karamu, na mwalikwa wako husikia harufu yake toka mbali. Ukiwa karibu na ufuo, panda chakula nyuma ya ukuta imara, upande wa mbali na maji. Nje ya geti acha nyasi za kawaida.

Usitege waya wenye umeme kwa siri. Waya huo hauchagui, na mtoto wa jirani anayefuata mpira wake ni mwepesi kuliko kiboko.

Mkulima mdogo mwenye kipande cha ardhi karibu na maji yuko katika hali tofauti na mwenye bustani ya maua. Akiliwa mimea usiku mmoja amepoteza chakula cha msimu. Huyo anastahili kupatiwa shamba mbali na ufuo na msaada wa kulianza, badala ya kufukuzwa kwa amri huku kuta za wenye nacho zikibaki palepale.

7. Kuogelea

Ogelea mchana mweupe, pale wenyeji wanapoogelea, na uwaulize kwanza wavuvi. Ziwa lina mamba pia. Mmoja wao, Gustave, alipewa jina na Patrice Faye, Mfaransa aliyeishi miaka mingi Burundi akimfuatilia, na mwaka 2004 filamu ya kumbukumbu ilionyesha jitihada za kumnasa katika kizimba kikubwa cha chuma. Hakuingia. Mwaka 2007 Hollywood ikatoa Primeval, filamu ya kutisha iliyotokana na habari zake.

Gustave aliwapa wageni hadithi ya kusimulia mezani. Mvuvi wa ndagala hana nafasi ya hadithi. Yeye hutoka na taa zake jioni, saa ileile kiboko anapotoka majini, kwa sababu samaki hao hufuata mwanga gizani. Mama anayefua nguo mtoni naye hachagui saa. Hawa ndio wanaolala kambini kila usiku bila askari wala bima, na kila kanuni ya usalama wa ufuo ingeanza kwao: sehemu maalumu za kuteka maji zilizozungushiwa uzio, taa kwenye vituo vya kushukia mitumbwi, na gari la kumfikisha majeruhi hospitalini usiku.

8. Lipa kiingilio

Hifadhini hulali bila kulipa. Kinindo pia kuna malipo, na waliotutangulia waliyataja: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe.

Chukua jembe. Panda matete ufuoni, au angalau wazuie wanaoyafyeka. Matete huchuja uchafu wa mito inayoshuka kutoka mjini, huficha mayai ya samaki, hupunguza nguvu ya mawimbi, na humpa kiboko sababu ya kubaki chini. Takataka zako zisiishie mtoni: kinachotupwa Muha au Kanyosha hufika ziwani mvua ya kwanza. Amri ya kupiga marufuku mifuko ya plastiki ilitolewa mwaka 2018. Itekelezwe kuanzia jikoni kwako.

Malipo ya pili ni kupaza sauti. Kwenye mikutano ya mtaa, uliza zile mita 150 zinaanzia wapi, ziwekewe vigingi vinavyoonekana, na sheria imguse mwenye ghorofa kabla ya mwenye kibanda. Dai vibao kwa Kirundi, Kiswahili na Kifaransa kwenye kila barabara inayoshuka ziwani, vikitaja saa za hatari. Sheria ipo tangu 2012. Kinachokosekana ni majirani wanaoiulizia bila kuchoka.

9. Siku ya kuondoka

Mkataba ukiisha, usikabidhi ufunguo peke yake. Mzungushe mpangaji mpya mtaani kabla ya saa kumi na moja jioni. Mwonyeshe njia ambayo viboko huipita, kona ya kusimamisha gari, na geti la jirani linalofunguliwa haraka. Mtambulishe kwa zamu kwa jina, mbele ya zamu, umwambie kwamba usiku neno la mtu huyu ndilo la mwisho. Kisha mwachie mwongozo huu, naye auongezee yale atakayojifunza mwenyewe.