Hodi Hodi Kisiwani Gotland

Mtu wa pwani yetu anayekusudia kuzuru kisiwa cha Gotland, kilichokaa katika Bahari ya Baltiki mashariki ya bara ya Uswidi, atafanya vyema akiiweka amana nusu ya adabu zake katika bandari ya Nynäshamn kabla ya kupanda meli, kwa sababu huko aendako zitamlemea kuliko mizigo. Sisemi kwamba watu wa Gotland hawana adabu; hasha. Wanazo tele, lakini takriban zote zina shabaha moja, nayo ni kumwachia mwenzio nafasi yake, hali adabu zetu sisi, tangu utotoni, zimejengwa juu ya kutomwachia mtu nafasi hata ya kukohoa: tumsalimu, tumwulize hali, tumwulize hali ya wa nyumbani kwake, tumkaribishe chakula, na akikataa tumkaribishe tena mpaka ashindwe.

Nilikwenda huko pamoja na shemeji yangu, kaka wa mke wa ndugu yangu, mzee wa Pangani mwenye kanzu safi na sauti ya kusikika ng'ambo ya mto bila msaada wa upepo. Tulikwenda kumzuru binti yetu aliyeolewa katika mji wa Visby. Binti huyo huniita mimi ami, naye humwita mjomba, na sisi wawili, kama ilivyo ada ya mashemeji, hatukosi la kutaniana. Kabla hatujaondoka alitupelekea ujumbe mrefu wa mawaidha, ambao shemeji aliusoma, akausifu kwa ufasaha wake, kisha asiufuate hata kwa neno moja.

Wasia wa kwanza ulikuwa tukate tikiti ya meli mapema, kwa maana katika mwezi wa Julai Waswidi wengi humiminika kisiwani, na anayechelewa hapewi hiari ya mahali pa kukaa. Shemeji alisema meli ni meli. Basi tukajikuta katika sehemu iliyotengwa kwa wasafiri wenye wanyama, mbwa mbele, mbwa nyuma, na mmoja mwenye manyoya mengi ameweka kidevu chake juu ya kiatu cha shemeji, aliyetoka kutawadha sasa hivi. Safari ile huchukua zaidi kidogo ya saa tatu. Zote alizimaliza juu sitahani, mkono mmoja kwenye kofia na mwingine kwenye pindo la kanzu, akipambana na upepo.

Tulipofika kituo cha basi tuliwakuta wenyeji wamesimama, na baina ya mtu na mtu pana nafasi ya kutandika mkeka. Shemeji aliidhani nafasi ile ni upungufu uliohitaji kuzibwa, akaanza kuwapa mikono mmoja baada ya mmoja. Bwana mmoja mrefu alijibu "Hej", akarudi nyuma hatua moja. Shemeji, kwa jamala, akasogea hatua moja. Bwana akarudi tena, shemeji akasogea tena, na kwa mwendo huo wakafika wote wawili kwenye nguzo ya taa, ambapo bwana hakuwa na pa kurudi, akaulizwa habari za watoto. Ndani ya basi viti vilikuwa vitupu, lakini shemeji alikwenda kukaa ubavuni pa bibi mmoja, akiona kwamba kumwacha mwanamke mtu mzima peke yake ni kumdharau. Bibi alishuka kituo kilichofuata. Kwa uso wake sidhani kama kilikuwa chake.

Jambo lililomchoma zaidi ni la majina. Waswidi wa zamani walikuwa na vyeo na lakabu nyingi za kuitana, hata asiyejua cheo cha mwenziwe alishindwa kumsemesha. Lakini mwaka 1967 Bror Rexed, mkuu mpya wa idara ya serikali iliyosimamia utabibu, alitangaza kwamba atawaita watumishi wote kwa majina yao nao wamwite Bror, na desturi hiyo, iliyokwisha kuanza kabla yake, ikashika nchi nzima. Leo daktari, mwalimu na waziri wote huitwa kwa jina walilopewa na wazazi wao, basi. Shemeji, ambaye kwao hata wazee wenziwe humwita Alhaji, alikuwa ameketi bustanini pindi mtoto wa jirani, wa umri wa kung'oka meno ya mbele, alipokuja kusimama mbele yake, akamwita kwa jina lake tupu, na kumtaka ampe mpira uliokuwa chini ya kiti. Shemeji alinitazama, akatazama mbingu, akainama kuutoa mpira.

"Shemeji," akaniambia, "hata mama yangu aliacha kuniita hivyo nilipotoka jandoni."

Nchi ile ina haki ya kale iitwayo allemansrätten, ambayo hata katiba imeitaja. Kwa haki hiyo mtu yeyote, mwenyeji au mgeni, anaweza kupita kwa miguu katika ardhi ya wengine, akachuma matunda ya mwituni na uyoga, akapiga hema usiku mmoja, bila kumwomba mtu ruhusa, ilimradi asikanyage mazao, asiharibu kitu, wala asiukaribie ua wa nyumba ya watu. Binti alitufafanulia haya tukiwa tumesimama ukingoni mwa msitu na vikapu mkononi. Mimi niliinama nikaanza kuchuma. Shemeji alikataa katakata: hawezi kula tunda la mtu bila idhini, na sheria ya kumruhusu mwizi haiufanyi wizi kuwa halali. Akaiona nyumba kwa mbali, akakata njia moja kwa moja mpaka mlangoni, akapiga hodi tatu kwa sauti ile ya ng'ambo ya mto, na alipokosa jibu akazunguka uani, ambako mwenye nyumba alikuwa amejilaza juani na taulo peke yake. Waswidi, baada ya majira marefu ya baridi na giza, hulipokea jua kwa mwili mzima. Bwana yule aliruka, akalishika taulo, akauliza kama nyumba inaungua. Binti, aliyefika akihema, alimfasiria kwamba la, mjomba wake anaomba tu ruhusa ya kuchuma matunda msituni. Bwana akafikiri kitambo, kisha akasema kwa upole kwamba msitu ule si wake, ni wa jirani. Shemeji akashukuru, akashika njia ya kwa jirani, binti akamshika kanzu.

Tulialikwa kahawa saa tisa alasiri. Huko saa tisa ni saa tisa, wala si kabla yake: tuliwaona wageni wengine wakitembea barabarani juu chini, maua mkononi, wakingoja dakika ziishe. Mimi na binti tuliingia nao. Shemeji alikuja nusu saa baadaye, kwa insafu ya kumpa mama wa nyumba muda wa kujitayarisha, akakuta kahawa imekwisha kupoa. Alivua viatu mlangoni, na hapo angalau pwani na Gotland ni ndugu, ila kidole gumba chake cha kulia kilikuwa kimekwisha kuitoboa soksi, nacho kikahudhuria mazungumzo yote. Tuliandaliwa chakula cha fahari cha kisiwa, mkate mzito wa wali, maziwa, zafarani na lozi uliookwa katika jiko, unaoliwa na jamu nyeusi na malai ya kupigwa. Shemeji alipoinusa zafarani uso ulimkunjuka. Akaupekua mkate kwa uma, akitafuta nyama, kisha akaniuliza kwa chini iwapo mchuzi uko njiani.

Kipande cha mwisho kilipobaki katika sahani, hakuna aliyekigusa. Bibi mmoja alikikata nusu, akachukua nusu. Mwingine akaikata robo. Kikaendelea kukatwa mpaka kikawa sawa na ukucha, na bado watu wakakizunguka kwa macho. Shemeji alikimaliza kwa kijiko kimoja. Pakawa kimya. Nakiri kwamba katika hili nilikuwa upande wake.

Lakini nisimdhulumu. Tulipokwenda katika jumba la makumbusho la Visby, tulioneshwa hazina ya Spillings, iliyofukiwa karne ya 9 na kugunduliwa mwaka 1999 katika shamba kaskazini ya kisiwa: kilo 67 za fedha, na ndani yake sarafu zaidi ya 14,000, nyingi mno zikiwa dirham za Waarabu zilizofika kwa biashara ya mito ya Urusi. Shemeji alikisogeza kioo cha macho, akahangaika na herufi zile za Kikufi, kisha ghafula akaisoma shahada kwa sauti kamili ya chuoni. Watu waliokuwa wakinong'ona waligeuka. Mzee mmoja akamkaribia, akauliza pameandikwa nini, akaoneshwa neno kwa neno. Nyuma yake akasimama mwingine, na nyuma ya huyo mwingine, hata watu wale wasiomsemesha jirani yao basini wakawa wamepanga foleni nyofu kumsemesha Alhaji wa Pangani.

Alitoka humo kifua mbele. Tukaingia duka la mikate, naye akataka kulipa mwenyewe kwa noti ya krona 200, noti yenye sura ya Ingmar Bergman, mtengeneza sinema aliyeishi na kuzikwa Fårö, ng'ambo ya mlango mwembamba wa bahari, na nyuma yake mandhari ya Gotland hii hii. Msichana wa duka alionesha kwa kidole tangazo: fedha taslimu hazipokewi.

"Ala!" shemeji akasema. "Wazee wao walizipokea dirham zilizosafiri kote huko, nao wanaikataa picha ya kwao?" Sikuwa na jibu, nilitoa kadi yangu. Kesho yake tulivuka kwenda Fårö kwa kivuko cha manjano kisichotoza nauli, naye akaishika noti ile ile mkononi mwanzo mpaka mwisho, akitafuta wa kumpa.

Msomaji ukikusudia safari hiyo, kata tikiti mapema, uepuke wiki ya sherehe za Zama za Kati mwezi wa Agosti, mji unapofurika watu waliovaa mavazi ya karne zilizopita na malazi yakawa adimu. Usiokote mawe penye minara ya chokaa ya ufukweni, kwani inalindwa. Kagua soksi zako. Na ukiongozana na shemeji, hakikisha ana kadi yake mwenyewe, kwa sababu wangu bado ana noti yake, na ameniambia tukirudi huko atanilipa yote kwa hiyo.