Tuipe Kutu Heshima Yake

Wenye magari mapya, mafundi wa rika zote, na nyinyi majirani mnaochungulia juu ya ukuta kila mkisikia grinda inalia, nawasalimu. Nimesimama kumsifu mgeni rasmi wa kila gereji ya uani, ambaye miaka yote hii ametukanwa bila kupewa nafasi ya kujitetea. Namzungumzia Mheshimiwa Kutu. Nasema mbele yenu kwamba anayefufua Land Rover ya zamani nyumbani kwake hana mwalimu, shahidi wala mlinzi wa ndoa anayeishinda kutu.

Nianze na nasaba, kwa sababu asiye na ukoo hasifiki. Kutu huzaliwa na chuma, maji na oksijeni iliyo hewani; chumvi si mzazi, ila ni mkunga mwenye haraka. Ndiyo maana Tanga, Mombasa na Unguja tumejaliwa neema hii kwa wingi, na ndugu zetu wa Dodoma wanaipata kwa mgawo. Wanaoiita mharibifu wanasahau kwamba chuma kilitoka ardhini kikiwa jiwe jekundu lenye oksijeni ndani yake, kikapigwa moto mkali hadi kikaachana nayo. Leo kikitaka kurudi kwao, kosa lake liko wapi?

Waingereza walidhani wameikimbia. Land Rover ya kwanza ilipoonyeshwa kwenye maonyesho ya magari ya Amsterdam mwaka 1948, vita vilikuwa vimekwisha lakini chuma bado kilikuwa cha kugawiwa kwa kibali, basi bodi ikatengenezwa kwa aloi ya alumini. Chasisi ikabaki ya chuma, pamoja na ule ukuta unaotenganisha injini na miguu ya dereva. Kutu haikununa. Iliiacha bodi iendelee kupigwa picha na watalii, yenyewe ikashuka kukaa kwenye mifupa. Leo unakuta Land Rover 109 imesimama kifua mbele, boneti inang'aa, na chini chasisi inamung'unyika kama biskuti iliyoloa chai. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Hata hiyo alumini haikupona: inapogusana na chuma penye unyevu wa chumvi, huliwa na kubaki unga mweupe. Unga huo ni binamu wa kutu, naye anastahili makofi.

Sifa ya pili ni ukweli wake. Muuzaji wa gari hula kiapo: gari lilikuwa la misheni, limekaa Singida maisha yake yote, halijui bahari. Rangi mpya inamuunga mkono, na lami nyeusi iliyopakwa chini kwa chini jana inatikisa kichwa kukubali. Kutu peke yake haijui kupokea rushwa. Inama nyuma, utazame boriti ya mwisho inayofungiwa ndoano ya tela. Gonga kwa nyundo ndogo: chuma kizima hulia, kilichooza hunyamaza. Inua zulia upande wa dereva, pale kisigino kinapotua karibu na klachi, usukume kwa ncha ya bisibisi. Bisibisi ikizama na ukaona majani ya uani kupitia sakafuni, basi Singida ilikuwa Pangani.

Mahali inapokaa kuna mantiki pia. Mara nyingi chasisi huwa nzima kuanzia injini hadi giaboksi, halafu inaanza kuoza kuelekea nyuma. Sababu ni oili. Injini hizi huvuja kwa ukarimu, na kila tone linalopeperushwa chini linaipaka chasisi mafuta bila malipo. Oili isipofika, kutu hufika. Tope nalo husaidia: huingia kwenye matundu ya chasisi, hukaa humo na maji yake masika hadi masika, likila kutoka ndani wakati wewe unapaka rangi nje. Mwenye gari lisilovuja asijisifu. Amemfungulia mgeni mlango.

Anayetaka kuona kipaji chenyewe, aende kwenye bolti za springi. Bolti hupita ndani ya bomba fupi la chuma lililo katikati ya mpira wa bushi. Kutu ikiingia kati ya bolti na bomba hutanuka, kwa kuwa inahitaji nafasi kubwa kuliko chuma ilichokula, na vyuma viwili vinakuwa kimoja. Nati inafunguka bila shida, unatabasamu. Unazungusha bolti, inakubali, kisha mpira unairudisha ilikotoka. Unamwagia dizeli ilale nayo. Asubuhi unarefusha spana kwa bomba. Bolti inazunguka, inarudi. Unapiga moto hadi uani kote kunanuka mpira, na nguo zilizoanikwa zinarudishwa ndani kwa maneno makali. Mwishowe unachukua msumeno wa chuma, unakata upande huu na upande ule, jasho likikuingia machoni. Fundi wangu, mzee wa maneno machache, huniangalia akinywa kahawa. "Pole pole, mwanangu. Una haraka ya kwenda wapi, na gari liko juu ya magogo?"

Hapo ndipo penye faida kubwa. Mume aliye chini ya chasisi Jumamosi nzima anajulikana alipo. Miguu yake inaonekana. Hana fedha ya baa, kwa sababu imekwenda kwenye msasa, mawe ya grinda, gesi na fundi wa kuchomelea. Watoto wanajifunza kwamba brashi ya waya ina kazi yake na tindo ina yake. Majirani wanapata mada isiyoisha. Na bei, tusisahau bei: bila kutu, magari haya yangekuwa ya matajiri watupu. Kutu ndiyo iliyowashushia mwalimu na karani Land Rover hadi mahali mkono wao unapofika. Ni kweli kwamba huwatoza baadaye, lakini huwatoza kidogo kidogo, tena bila kuwatumia dalali.

Wapinzani watauliza kuhusu usalama. Nawajibu kwa unyenyekevu: kwenye mabomba ya breki na mahali springi zinaposhikilia chasisi, hotuba yangu inaishia hapo. Bomba la breki lenye kutu halisifiwi, linabadilishwa. Chasisi iliyooza haipakwi rangi juu, inakatwa hadi kwenye chuma kizima na kuchomelewa bati jipya la unene ule ule. Mgeni rasmi naye hupangiwa kiti chake.

Lakini msitake aondoke kabisa. Gari likikamilika litaondoka uani, litahitaji bima, litaazimwa na shemeji kwenda kupakia matofali. Kutu imetuepushia hayo kwa miaka. Basi wewe unayetamani kuanza, usiende kununua na fedha tupu. Nenda na bisibisi. Muuzaji akikukataza usichokonoe, mshukuru uondoke zako. Akikuachia, mwache yeye na maneno yake, uielekeze bisibisi sakafuni. Bei utatajiwa na kutu.