Kiingereza cha Kura kwa Mgeni Kutoka China: Toleo la Kisumu

Mgeni wetu, iwe umekuja Kisumu kusimamia ujenzi wa barabara au kuuza katoni za ngege waliogandishwa kutoka kwenu, wale ambao wavuvi wetu wakiwaona hununa, siasa haitakukosa. Uchaguzi mkuu ujao ni tarehe 10 Agosti 2027, na mazungumzo yake yalianza siku ule wa 2022 ulipoisha. Kamusi uliyobeba ina maneno yote ya Kiingereza ya kura. Kasoro yake ni kuyafafanua jinsi yanavyotumika London. Masomo yafuatayo yatakusaidia kuanzia mtaa wa Kondele hadi ufuo wa Dunga.

Somo la kwanza: Nominesheni

Kamusi inasema hii ni hatua inayotangulia uchaguzi. Futa. Ufuoni huku, nominesheni ya chama cha chungwa, ODM, ndiyo uchaguzi wenyewe. Agosti watu huenda kuthibitisha tu. Kitenzi chake ni "kupewa". Mgombea hupewa tikiti, na mwanafunzi mwenye adabu haulizi na nani. Mfano wa kukariri: mwaka 2013 Oburu Oginga na William Oduol waling'ang'ania tikiti ya ODM ya ugavana wa Siaya. Mchujo ukazua mzozo, mzozo ukapelekwa juu, na kutoka huko juu tikiti ikamshukia Cornel Rasanga. Wapiganaji wawili, mshindi ni wa tatu. Ukiielewa hesabu hiyo mara moja, ruka hadi somo la nne.

Somo la pili: Siksi-pisi

Tangu 2013 kila mpiga kura hupewa karatasi sita: ya rais, gavana, seneta, mbunge, mwakilishi wa kike na mwakilishi wa wadi. Siksi-pisi ni kuzipa zote chama kimoja: suti ya vipande sita kutoka kwa fundi mmoja. Unavaa yote, hata kama suruali inabana. Mgombea asiyejulikana hata na jirani zake hulipenda sana neno hili.

Lakini usidhani watu hapa hawana mkasi. Kisumu Mashariki ilimchagua Shakeel Shabbir, Mkenya mwenye asili ya Kiasia, akiwa mgombea huru mwaka 2017 na tena 2022. Basi usikate tamaa. Vikipita vizazi viwili vitatu, na mjukuu wako akikijua Kijaluo, lolote laweza kutokea.

Somo la tatu: Fasilitesheni

Ni pesa. Huitwa pia nauli, chai au sabuni, kutegemea saa na mahali. Sheria ya Makosa ya Uchaguzi ya 2016 inaiita hongo, ila sheria hiyo haijaonekana sana mikutanoni. Kanuni ya matumizi ni rahisi: ya mpinzani ni hongo, ya kwetu ni fasilitesheni.

Somo la nne: Fomu 34A

Hapa ndipo mama muuza samaki atakapokuacha mbali. Kura zikishahesabiwa, msimamizi wa kituo hujaza Fomu 34A, maajenti wa wagombea hutia sahihi, na nakala hubandikwa mlangoni. Fomu 34B ni ya eneobunge, 34C ya taifa zima. Kwingine duniani maneno ya namna hii ni ya mawakili. Katika soko la Kibuye hutamkwa kati ya bei ya omena na bei ya nyanya. Zoezi: sema "thati-foo-ei" mpaka mchuuzi aliye kando yako aache kucheka.

Usije ukafikiri watu wa huku wanapenda makaratasi. Mwaka 2007 walilala wakijua mgombea wao, Raila Odinga, anaongoza. Tarehe 30 Desemba wakatangaziwa kwamba ameshindwa, na Rais akaapishwa jioni hiyohiyo giza likiingia. Mwaka 2017 Raila alisema viongozi waliotangazwa ni vifaranga vya kompyuta. Kesi ikafika Mahakama ya Juu, ikaagiza seva za tume ya uchaguzi zikaguliwe, tume ikasita kuzifungua kama ilivyoagizwa, na Septemba 1 majaji wakafuta uchaguzi wa rais. Tangu hapo, hata nyanya asiye na simu anajua seva ni nini: ni chumba kilichofungwa ambamo kura zake zimelala.

Mwaka 2022 tume ilikuja na dawa. Fomu 34A za vituo zaidi ya 46,000 zikawekwa mtandaoni, kila mwenye bando ajumlishe mwenyewe. Nchi nzima ikageuka makarani. Hata hivyo, Agosti 15 makamishna wanne kati ya saba waliyakana matokeo kabla hayajatangazwa, na Septemba 5 Mahakama ya Juu ikayathibitisha. Kwa hiyo, mgeni, usione haya kwamba msamiati huu unakushinda. Wewe unausoma kitabuni, sisi tumeulipia. 2007 ilitufundisha kujumlisha, 2017 ikatufundisha seva, 2022 ikatufundisha tovuti. Kila uchaguzi tuliopoteza ulituachia istilahi mpya, na ndiyo maana Kiingereza chetu cha kura ni kizuri mno.

Somo la tano: Tanauti

Kwa kawaida hii ni idadi ya waliojitokeza kupiga kura. Kisumu imeonyesha kwamba inaweza pia kuwa idadi ya waliokataa. Katika uchaguzi wa marudio wa Oktoba 26, 2017, ambao Raila aliususia, upigaji kura haukufanyika Kisumu, Siaya, Homa Bay wala katika sehemu za Migori. Tume ikaahirisha hadi Oktoba 28, kisha ikaahirisha tena, kisha ikaacha kuahirisha. Rais akatangazwa bila kura za maeneo hayo.

Somo la sita: Maandamano

Kamusi itakuambia ni haki, na Katiba ya 2010, ibara ya 37, inakubaliana nayo. Mfano wa kutumia hapa ni mmoja tu. Agosti 2017, mtaani Nyalenda, polisi wakiwasaka waandamanaji walivamia nyumba za watu usiku, na mtoto wa kike wa miezi sita akapigwa rungu kichwani. Alifariki siku chache baadaye. Mwaka 2019 mahakama ya Kisumu ilitamka kwamba polisi wanawajibika. Somo hili halina zoezi.

Somo la saba: Handisheki

Hii ni njia ya kumaliza uchaguzi ambao kura zilishindwa kuumaliza. Wakubwa wawili hushikana mikono, na waliokimbizana na vitoa machozi Kondele huiona kwenye televisheni. Ina msimu wake: Raila na Uhuru Kenyatta, Machi 9, 2018, kisha Raila na William Ruto, mkataba wa Machi 7, 2025. Ukiwa Kisumu mwezi wa Machi, usimpe mtu mkono kabla hujatazama kamera ziko wapi.

Fahamu pia kwamba Raila, ambaye huku aliitwa Baba, alifariki Oktoba 15, 2025, akazikwa Bondo. Wengi bado wanamtaja kana kwamba yuko safarini. Usiwasahihishe. Wanasiasa wameshaanza kushindana nani alimwita Baba kwa sauti kubwa zaidi, na mshindi atajulikana wakati wa nominesheni. Rudi somo la kwanza.

Mtihani

Soma mazungumzo haya ya sokoni, kisha ujibu swali.

MAMA: Omera, kwenu rais huchaguliwaje?

MGENI: Bunge letu kuu ndilo hupiga kura, mama. Machi 2023 Rais Xi Jinping alipata kura 2,952.

MAMA: Na waliompinga?

MGENI: Sufuri.

MAMA: Sufuri hainishtui. Hata huku kuna vituo ambavyo kura moja ikienda kwa mwingine, watu huulizana ni mgeni gani alilala kijijini. Mimi nauliza hivi: ajenti wa upande wa pili alitia sahihi? Na fomu ilibandikwa mlango gani?

Swali la 34A: Andika jibu la mgeni. Jibu lisilo na sahihi ya ajenti halitasahihishwa.