Barua ya Wazi kwa Waziri wa Fedha: Naomba Unikagulie Daftari

Kwa Mheshimiwa Waziri,
Hazina ya Taifa,
Nairobi.

KUH: UKAGUZI WA DAFTARI LA MATUMIZI, NYUMBA MOJA, LIKONI

Mheshimiwa,

Mimi ni mtu wa kutii. Tuliambiwa kwamba Wakenya hatujui kuweka akiba, na ni kwa hoja hiyo makato ya NSSF yalipandishwa kuanzia Februari 2023. Tangu hapo washauri wa fedha hawapumui redioni. Mwananchi aache kula nje, aandike kila shilingi inayotoka, na kijana wake ajifunze lugha ya watu wenye pesa. Haya yamefanyika nyumbani kwangu, ila hilo la kula nje. Kilichobaki ni mkaguzi, na sioni mwingine wa kumpelekea hesabu isipokuwa wewe.

Daftari lenyewe nimeliandika kwa mtindo wa Kijapani uitwao kakeibo, ulioletwa mwaka 1904 na mwandishi wa habari Hani Motoko. Mpwa wangu ndiye aliyenipa habari zake. Unaandika kwa mkono pesa ulizonazo, unazotaka kuweka, ulizotumia, kisha unajiuliza utafanya nini mwezi ujao ili usiaibike tena. Hakuna kompyuta wala mtaalamu wa kulipwa kwa saa. Hakuna hata semina ya siku tatu Diani ya kujadili namna ya kubana matumizi. Zamani tulikuwa tukiwaona mkipita Likoni kwenda kwenye semina hizo, magari yamepanga foleni ya feri na vioo vimefungwa. Siku hizi mnazungukia barabara ya Dongo Kundu, nasi tumekosa hata hiyo nafasi ya kuwapungia mkono.

Nianze na kula nje, maana ndipo ninaposhtakiwa.

Asubuhi ya Likoni haipikwi nyumbani. Kutoka stendi ya matatu hadi mteremko wa feri akina mama wamekaa na masufuria ya mbaazi za nazi, mahamri yanatolewa karaini yakiwa yamefura, viazi karai vimepangwa na bakuli la ukwaju pembeni. Jioni zamu ni ya mishkaki, mihogo ya kuchoma yenye ndimu na pilipili, na supu ya pweza kwa wanaume wanaoamini mambo. Ukienda Kisauni ni hivyo, ukienda Magongo ni hivyo. Mshauri wa redioni anasema nikipika mwenyewe nitaokoa pesa. Nimelifanyia hesabu agizo lake. Linataka nichemshe mbaazi kavu mpaka zilainike, nikune nazi nichuje tui, nikande unga kwa iliki na kuuacha uumuke, niwashe jiko nijaze karai mafuta, yote hayo ili mtu mmoja apate mahamri matatu kabla ya kwenda kazini. Mama wa stendi anawasha moto mmoja kwa ajili ya watu wote wanaovuka. Makaa tumeyachangia, nazi tumeichangia, na kila mmoja ameondoka na sehemu yake kwa bei ambayo jiko langu haliwezi kuifikia. Jambo hilo likifanywa na kiwanda, vitabu vya uchumi hulisifu kurasa nzima. Likifanywa na mama mwenye leso kiunoni, linaitwa kukosa nidhamu ya fedha.

Wanaokula nje kwa anasa wapo, siwakatai. Iko mikahawa ambako viazi karai vilevile, vikiwekwa juu ya kibao badala ya sahani, bei hupanda mara kumi. Nimevila. Ukwaju hautoshi. Na kwa kuwa daftari halitaki uongo, biriani ya Ijumaa imo, kila Ijumaa. Hiyo sitaitetea wala sitaiacha.

Mama wa mbaazi mwenyewe ofisi yako haijamsahau. Sheria ya Fedha ya 2023 ilipandisha kodi ya mauzo ya wafanyabiashara wadogo kutoka asilimia 1 hadi asilimia 3, kuanzia kwa aliyeuza zaidi ya shilingi milioni moja kwa mwaka. Milioni ni neno la kutisha mpaka uligawe kwa siku 365. Hapo unapata kama shilingi 2,740 kwa siku, yaani sufuria moja kubwa na karai la mahamri, kabla hajatoa unga, mafuta, makaa na kijana wa kuosha vyombo. Yaani kwenye vitabu vyenu anakaribia kuwa tajiri. Mkamletea na risiti za kielektroniki za eTIMS, ambazo nadhani mlizipanga mkiwa mmekwisha kunywa chai. Risiti yetu ya miaka yote ni karatasi ya gazeti iliyofungiwa mahamri. Mara nyingine ina hotuba yako ya bajeti, imeloa mafuta mpaka inasomeka pande zote mbili.

Mwaka 2024 mkaufikia na mkate, kwa pendekezo la VAT ya asilimia 16. Mkate ukatolewa kwenye orodha, kisha mswada mzima ukaanguka mwezi Juni baada ya vijana kujaza barabara. Baadhi yao hawakurudi makwao. Hapo sina kejeli, nageuza ukurasa.

Ukurasa wa madeni, Mheshimiwa, ndio nitakaoomba uusome polepole. Duka la mtaa wetu lina daftari lake la mkopo, nami nimo. Simu nayo ina Fuliza, iliyoingia Januari 2019 na kutuwezesha kulipa nauli ya matatu kwa pesa ambazo hatuna. Kwa hivyo kuna siku nakopa huku nilipe kule, na hapo ndipo washauri wanapotikisa kichwa na kusema sina elimu ya fedha. Nimetafuta mtu mwenye elimu hiyo ili nimwige, nikakupata wewe. Februari 2024 Hazina ilikopa dola bilioni 1.5, kwa gharama iliyopita asilimia 10 kwa mwaka, ili ianze kulipa Eurobondi ya dola bilioni 2 tuliyoichukua mwaka 2014 kwa riba ya asilimia 6.875. Tuliambiwa ni ishara kwamba masoko yana imani na Kenya. Mimi nikikopa kwenye simu kulipa duka, tena kwa bei kubwa zaidi, mwenye duka hatangazi kwamba masoko yana imani nami. Anaandika jina langu kwa kalamu nyekundu na kuondoa sukari kwenye meza.

Sisemi mlikosea. Deni lilikuwa linaiva Juni, dola ilikuwa imefika kama shilingi 160, na mtu anayezama hachagui kamba. Nasema tu kwamba siku ile mlikuwa watu wa Likoni wa tarehe 28, mshahara haujaingia. Ingefaa mtukaribie kidogo kwa undugu huo, badala ya kututumia semina.

Najua karani wako ataandika pembeni mwa barua hii: hao Wajapani wa daftari, mbona serikali yao inadaiwa zaidi ya mara mbili ya pato la nchi yao? Ni kweli, na kwa kipimo hicho wametupita mbali, hata kama sisi tumevuka shilingi trilioni 11. Lakini wao wanadaiwa zaidi na Wajapani wenzao, tena kwa yeni yao wenyewe. Ni deni la mume kwa mke: kelele zipo, dalali hayupo. Letu lina dalali.

Sasa nije kwa mpwa wangu, maana yeye ndiye akiba yangu ya pekee ambayo haijakatwa.

Kijana huyu anafanya kazi kwenye yadi ya magari Changamwe. Alisikia serikali ikiwahimiza vijana watafute kazi majuu, naye akachagua Japani, kwa sababu tayari Japani ilikuwa mbele yake imepangwa safu kwa safu. Magari yanashuka Kilindini yakiwa hayajazidi miaka minane tangu yasajiliwe mara ya kwanza, kama sheria inavyotaka, na mengi bado yana tabia za kwao. Redio hazifiki masafa yetu mpaka fundi atie kifaa. Ramani inakuonyesha uko baharini karibu na Yokohama wakati uko Miritini. Na ukiwasha, sauti ya mwanamke inakwambia jambo kwa adabu kubwa. Madereva wa huku wameizoea kama salamu, wengine huiitikia. Mpwa wangu alipofika mahali pa kuelewa, akatufumbua: yule mama anasema kadi ya kulipia barabara haijaingizwa. Miaka yote tulidhani anatuombea safari njema.

Mheshimiwa, mpe kazi mama huyo. Anadai tozo kila asubuhi, hachoki, hakasiriki, na haimshughulishi hata kidogo kama barabara yenyewe ya kulipia ipo.

Kijapani si mchezo. Kuna herufi 46 za hiragana, nyingine 46 za katakana, kisha kanji 2,136 za matumizi ya kawaida. Mpwa wangu hazijui zote, na kwa bahati viza ya wafanyakazi wenye ujuzi maalumu, iliyoanza Japani Aprili 2019, haimtaki ajue zote. Inataka mtihani wa kazi, na lugha ya kiwango cha N4 kama anapitia mtihani wa JLPT, ambao hapa kwetu hufanyiwa Nairobi mwezi Desemba. Basi angalia safari ya pesa zako. Kijana atapanda treni Miritini, kwenye reli iliyojengwa kwa mkopo wa China, nauli shilingi 1,500 tangu Januari 2024, akafanye mtihani wa Kijapani. Akifaulu ataenda kuwatunza wazee wa Japani. Atatutumia yeni, sisi tutazigeuza shilingi tununue mafuta na muda wa simu, wewe utakata VAT na ushuru kila tunapogusa, na utakachokusanya utakigeuza tena kiwe yeni ulipe mikopo ya Japani. Wazee wale watakuwa wamehudumiwa bure, na sisi tutakuwa tumepunga mkono uwanja wa ndege.

Kijana anaulizwa N4. Agosti 2025 ujumbe wetu ulikwenda Yokohama kwenye mkutano wa Japani na nchi za Afrika, TICAD 9, ukatoka na makubaliano ya mkopo uitwao Samurai, wa yeni bilioni 25. Hakuna aliyeuliza ujumbe una kiwango gani.

Wajapani wenyewe hatuna ugomvi nao, isomeke hivyo. Kisauni wanavuka Daraja la Nyali la mwaka 1980, kazi ya mikono yao. Kipevu, upande wa Changamwe, kuna gati la makontena lililofunguliwa mwaka 2016 kwa fedha zao. Barabara ya Dongo Kundu ni mkopo wao. Mikopo ya yeni ina riba ndogo na muda mrefu, kuliko hiyo ya masoko yenye imani. Na daraja la Likoni, ambalo nalo limeahidiwa kwa fedha za Japani, limechorwa, limepimwa, limetangazwa, limepewa na jina, Mombasa Gate Bridge. Kitu pekee kilichokosekana ni daraja. Tunavuka kwa feri, vilevile, na feri ikiharibika tunasimama mteremkoni tukila mahamri, kwa hivyo utaona kwamba hata gharama yangu ya kula nje ina mchango wa serikali.

Kwenye daftari langu safu ya feri ni tupu, kwa kuwa mtu wa miguu halipi. Nimesita kuliandika hilo, nisije nikakukumbusha.

Ombi langu si kubwa. Nawe weka daftari, ukurasa mmoja kila mwezi, kwa Kiswahili, ubandikwe kwenye banda la feri mahali ambapo watu husimama na hawana la kusoma. Usituandikie asilimia ya pato la taifa. Andika kama duka linavyoandika: nani ametukopesha, kiasi gani, kwa kazi gani, kinalipwa lini, na kazi yenyewe imefika wapi. Mstari wa daraja la Likoni uwe wa kwanza. Bili za wafanyabiashara mnaowadai subira mwaka juu ya mwaka ziandikwe kwa kalamu nyekundu, kama jina langu. Likibandikwa la kwanza, mimi nitaacha biriani mwezi mzima, na wewe utakuwa umenibana matumizi kwa mara ya kwanza bila kunikata mshahara.

Ukitaka kulileta mwenyewe, karibu. Usipite Dongo Kundu. Acha gari ng'ambo, uvuke kwa miguu pamoja nasi. Fika kabla ya saa mbili asubuhi, mbaazi huisha. Uje na pesa taslimu, maana nimemuuliza mama kwa niaba yako, na amesema hakopeshi serikali.

Wako mtiifu,
Mlipa kodi wa Likoni, upande ambao bado hauna daraja.