Kihispania cha Karatasi za Karanga

Jumapili iliyopita, katika ukumbi wa parokia moja ya hapa Kadutu, mjini Bukavu, mbele ya wanakwaya, mapadri, wazee wa jumuiya na watoto waliojazana madirishani, nilikikalia kiti cha mtawa wa Kihispania aliyekula chumvi nyingi, kisha nikamwambia, kwa lugha yake mwenyewe na kwa sauti ya mtu aliyejiandaa, ya kwamba amestahili kukikosa. Hivi niandikapo uso wangu haujapoa, na kila nipitapo Nyamugo kwenda sokoni watoto huitana: "Sevilla ule anapita, mukamate viti!"

Ilikuwa sherehe ya jubilei, na viti vya plastiki, kama ada ya sherehe zetu, vilikuwa vichache kuliko wageni. Yule mtawa, masera kama tuwaitavyo huku, alipewa kiti cha mbele kwa heshima ya umri wake, akainuka kidogo kwenda kumwamkia mama mmoja mgonjwa aliyeketi nyuma. Mimi nilikuwa nimesimama tangu Misa, miguu imekufa ganzi, na kichwani mwangu mlikuwa na sentensi iliyokuwa ikingojea siku yake muda mrefu, maadam hapa Bukavu fursa ya kunena Kihispania haipatikani sokoni. Nikaketi. Aliporudi nilimkabili kwa tabasamu nikasema, nikiitamka kila silabi kwa insafu: "Quien fue a Sevilla perdió su silla." Maana yake, aliyekwenda Sevilla alipoteza kiti chake. Katika mpango wangu, masera alikuwa astaajabu kusikia lugha ya kwao mlimani Kadutu, tucheke sote wawili, nami niinuke kwa taadhima nimrudishie kiti, na watu waulizane huyu bwana amejifunzia wapi.

Masera hakustaajabu. Aliinua mkongojo wake hata ukalingana na kifua changu, akajibu maneno machache ya haraka, na padri kijana aliyekuwa karibu, bila ya kuombwa na mtu, akayafasiri kwa ukumbi mzima: "Anasema, na aliyekwenda akarudi, alikitwaa kwa marungu." Kicheko kilichofuata kilitoka kwanza kwa wanakwaya wa sauti ya nne, kikapanda. Niliondoka kitini kwa haraka hata nikakanyaga sahani ya sambaza iliyowekwa chini na jirani yangu, na samaki wadogo wa ziwa Kivu, wakaangwapo vikavu, wana mlio chini ya kiatu ambao hausahauliki.

Nusu hiyo ya pili ya msemo mimi sikuwa nayo, na sababu yake ni karanga. Katika soko la Kadutu yuko mama auzaye karanga za kukaanga, naye huzifunga katika karatasi za kalenda ya ukutani, ile ya kuchanwa ukurasa mmoja kila kukicha, iliyochapwa Uhispania kwa ajili ya Wakatoliki wa huko, na iliyomfikia kwa njia ambayo hakupata kunieleza zaidi ya kusema kwamba ilitoka kwa "wazungu wa kanisa." Kila ukurasa una tarehe, nyekundu ikiwa ni sikukuu, jina la mtakatifu wa siku, saa ya kuchomoza jua katika mji usio wetu, na nyuma yake, kwa herufi ndogo, methali au msemo wa kumtia mtu moyo. Mafuta ya karanga yakishaingia karatasini, maandishi ya nyuma hujitokeza mbele, hata mtakatifu na methali wakasomeka kwa pamoja, mmoja wao kinyumenyume. Nilianza kwa udadisi wa neno moja nikaishia kununua karanga bighairi ya njaa, hata yule mama akaniuliza siku moja mbele ya wateja: "Baba, unakula karanga ao unakula karatasi?" Kurasa zenyewe hazikuja kwa taratibu, katika Kwaresima nilisoma ya Noeli, na mwezi wa Agosti nikapata waadhi wa Majivu. Tena mnunuzi wa fungu dogo hupewa nusu ya ukurasa. Sevilla ilikatikia hapo.

Na sasa nitawaeleza methali za Wahispania zinavyofanya kazi, kwani jambo hili limeninyima usingizi zaidi kuliko ile aibu. Methali yao aghalabu ina mabawa mawili yenye kina kimoja, Sevilla kwa silla, madruga kwa ayuda, kiasi kwamba aliyesikia bawa la kwanza humaliza la pili mwenyewe. Na kwa kuwa kila mtu aweza kumaliza, hakuna amalizaye. Mhispania aliyezaliwa na lugha husema "A buen entendedor…" akanyamaza, yaani kwa msikivu mwema maneno machache yatosha, na kwa kunyamaza kwake ameitimiza methali. Husema "Cuando el río suena…", mto unapovuma, akamwachia mwenzake akumbuke kwamba basi una maji. Mwanafunzi wa karanga, ambaye ameihifadhi methali nzima kwa jasho, huitamka nzima kwa sauti ya mtoto wa shule asomaye ubaoni, na mara hujulikana. Ndivyo nasi tulivyo: mtu wa pwani akisema "Haraka haraka…" hangojei mgeni ammalizie.

La ajabu zaidi ni sarufi. Msemo huhifadhi vitu vilivyokwisha kufa penginepo, kama kabati la bibi. Iko methali isemayo "Adonde fueres, haz lo que vieres," ndugu wa ile yetu ya kwamba ukienda kwa wenye chongo, nawe fumba lako jicho. Ndani yake mna wakati wa kitenzi ambao Wahispania wenyewe wameuacha katika mazungumzo, hausikiki ila katika sheria na katika methali. Mimi wakati huo naujua vyema. Naweza kusema "popote utakapokuwa umekwenda" kwa fasaha ya kadhi wa karne zilizopita, walakini siwezi kuuliza bei ya nyanya. Isitoshe, methali huamrisha, nayo huamrisha kwa wewe: niambie, fanya, nyamaza. Kihispania kina neno la heshima la kumwitia mkubwa, usted, nalo katika karanga zangu zote sikulikuta hata mara moja, hivyo kila mzee niliyemsemesha nimemsemesha kama mdogo wangu wa mwisho.

Kisha methali zenyewe hupigana. Ukurasa mmoja, ule wa madruga na ayuda, waniambia kwamba aamkaye alfajiri Mungu humsaidia. Mwingine, uliofunga karanga zilizoungua, wasema kuamka mapema sana hakuharakishi mapambazuko. Lakini hilo sitalilaumu, maana na sisi tuna ngoja ngoja iumizayo matumbo.

Ile ya Sevilla nayo ina hikaya yake, na kwa kuwa imenigharimu niliifuatilia. Husimuliwa kwamba katika karne ya 15, zama za mfalme Enrique wa nne wa Castilla, palikuwa na askofu mkuu wa Sevilla aitwaye Alonso de Fonseca, na mpwawe, naye Alonso de Fonseca, alipewa uaskofu mkuu wa Santiago de Compostela, huko Galicia, ambako wakati huo palikuwa na ghasia kubwa. Mjomba, kwa huruma, akakubali kwenda Galicia kumtulizia kijana jimbo lake, na kijana amshikie kiti cha Sevilla hata arejee. Mjomba akatuliza, akarejea, na mpwa akakataa kutoka. Sasa msomaji atazame: aliyepoteza kiti hakwenda Sevilla, alitoka Sevilla. Methali imemgeuza njia! Na alipoteza kwa sababu alikwenda kumfanyia mwenziwe hisani, walakini msemo haumtaji mpwa hata kidogo. Umebaki kumkumbusha mjomba kwamba aliondoka.

Hapa ndipo kicheko changu kinapoanza kuchacha. Kivu ya Kusini si ngeni kwa Kihispania. Mwezi wa Aprili 1965 Che Guevara alivuka ziwa Tanganyika kutoka Kigoma akaingia vitani pande za Fizi pamoja na Wakuba wake, akaondoka Novemba mwaka ule ule bila ya ushindi. Wale watu walijifunza Kiswahili kwa akili kuliko nilivyojifunza mimi lugha yao, kwani walianzia kwenye hesabu na kuzifanya majina: Mkuba Víctor Dreke alikuwa Moja, Che mwenyewe alikuwa Tatu, na sijasikia kwamba yuko aliyeitwa Haba na Haba. Mwalimu wa Kiswahili wa Che, na mkalimani wake, alikuwa kijana wa huku mashariki mwa Kongo, Freddy Ilanga, wa miaka 15 hivi. Vita vilipokwisha alipelekwa Kuba kwa safari aliyoidhani fupi. Akakaa miaka 40. Alisoma huko akawa daktari wa upasuaji wa ubongo, na jamaa zake hapa Bukavu hawakupata kujua kwamba yu hai hata mwaka wa 2003. Akapanga kurudi kuwaona, akafa mwaka wa 2005 kabla ya kusafiri. Nani angethubutu kumwambia mtu huyo habari za aliyekwenda akapoteza kiti?

Lakini ndivyo tunavyoambiana. Ni nani katika Kivu asiyemjua mtu aliyekimbia vita akarejea akakuta kiwanja chake kina paa la mgeni, na majirani, badala ya kumwuliza mgeni amekipataje, wakamwuliza mwenyewe kwa nini aliondoka? (Kiti cha plastiki cha parokia hakiingii katika hesabu hii.) Waswahili wa pwani walisema mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani, na hakuna aliyeongeza kwamba ngamani amekwisha ketishwa mtu. Ama ile nusu ya pili, ya marungu, Kivu tumeijaribu tangu vita vya 1996 kwa kila namna ya rungu, na viti havijarudi.

Kadhalika misemo ya kutia moyo. Ninao ukurasa wenye picha ya jua linalochomoza juu ya mlima, na chini yake "Querer es poder," kutaka ni kuweza. Niliusoma nikiwa nimekaa kwenye ngazi za udongo za Cimpunda, nikimenya, na mama mmoja akapita akipanda na bidoni ya maji mgongoni, kamba imekaza paji la uso, akasimama kupumua kando yangu akaendelea. Huyo kutaka hakumpungukii. Ameamka kabla ya jogoo miaka yake yote, na kwa kauli ya kalenda alikwisha stahili msaada zamani. Kilichokosekana ni bomba. Kuna wingi wa watu, baadhi yao wamekuja kwa ndege, wanaoileta Kadutu misemo ya namna hii, wakaibandika ukutani kwenye semina kwa herufi za rangi, wakagawa soda, wakaondoka jioni kwenda kulala kwenye maji ya moto. Ningewapokea kwa moyo mweupe zaidi kama wangebandika mfereji.

Visa vyangu vingine havina urefu. Raia mmoja wa Colombia aliyenipa nafasi garini nilimwambia kwamba farasi wa zawadi hatazamwi meno, akanishusha mahali paitwapo Essence. Kinyozi nilimwambia kwamba katika kinywa kilichofungwa haziingii nzi, ili kumweleza kwamba najua Kihispania, akadhani namwonya. Kwenye matanga ya jirani sikusema kitu, na huo ndio ushindi wangu wa pekee hata leo.

Masera atakuwapo hapa mpaka Krismasi, na kwa mujibu wa padri yule kijana ameniulizia kwa jina la Sevilla na kunialika chai. Kwa hiyo nina ombi. Ikiwa msomaji anacho kitabu cha Kihispania cha kawaida, chenye sura ya kuamkia wakubwa, sura ya kununua nyanya na sura ya kukaribishwa nyumbani kwa watu, hata kiwe hakina jalada, akiache kwa yule mama wa karanga kwenye soko la Kadutu. Tena amwambie tafadhali asikichane.