Waya wa Siri

Nikiri mapema kwamba risiva ya Mama niliiua mwenyewe. Siku ya kwanza nilimwambia ni mende waliingia ndani, na mende wa watu wakapuliziwa dawa bure.

Ilikuwa Ramadhani ya mwaka 2012, nyumbani kwa Mama, Ngamiani, Tanga. Dishi lake la waya, futi 8, lilisimama uani kando ya mpapai, na mwezi ule lilikuwa na kazi moja tu: chaneli ya Makka. Saa ya Makka na saa ya Tanga ni moja, kwa hiyo Mama hakuhitaji hesabu. Kule tarawehe ikianza saa 3 usiku, na huku ni saa 3, futari imeshashuka tumboni, mkeka umetandikwa sebuleni, na mtoto atakayekatiza mbele ya skrini atajua kwa nini kandambili za Bibi hazikai mbali.

Mimi nilikuwa nimekuja likizo kutoka Dar na flashi mfukoni. Ndani ya flashi mlikuwa na programu mpya ya risiva, niliyoipakua ofisini kwa kuwa nilisikia picha inagandaganda. Hakuna aliyeniomba. Nikachomeka, nikabonyeza, mstari ukaanza kutambaa. Ulipofika asilimia 60, umeme ukakatika.

Uliporudi, pale mbele panapoonyesha namba ya chaneli palikuwa na herufi nne za kijani: boot. Mpwa wangu wa darasa la nne akazisoma kwa sauti.

"Bibi, imeandika boti."

"Boti ya wapi?" Mama akauliza kutoka jikoni. "Ya Pemba?"

Alipoona sicheki alikuja mwenyewe, akaitazama risiva, akaipiga kofi la pembeni. Marehemu Baba alikuwa na redio ya mbao iliyokuwa haisemi mpaka ipigwe, na Mama anaamini tangu siku hizo umeme wote una tabia moja. Boti haikung'oa nanga.

Sasa, risiva iliyokatiwa umeme katikati ya kubadilishiwa programu haifi yote. Hubaki kijiprogramu kidogo kinachoamka kabla ya vingine vyote, kama mpiga daku. Ila maskini huyu, kwa risiva nyingi za wakati ule, hajui flashi wala rimoti. Anajua tundu moja la nyuma lenye pini 9, lililoandikwa RS-232. Hiyo ni kanuni ya mawasiliano iliyotoka Marekani mwaka 1960, na ile plagi ya pini 9 ilizoeleka kwenye kompyuta tangu IBM walipoiweka katika PC/AT yao ya mwaka 1984. Kwa kifupi, ili nizungumze na risiva ya Mama nilihitaji waya wa zamani kuliko mke wangu, uitwao siriali.

Nikaenda dukani.

"Naomba waya wa siriali."

"Wa siri gani?"

"Siriali."

Kijana akageuza shingo ndani ya duka. "Oya, ile siri ya Ali ipo?"

Ilikuwepo. Akanipa waya mnene mweusi wenye plagi ya buluu, nami kwa haraka ya futari nikalipa. Nyumbani nilisukuma ile plagi mpaka kidole gumba kikafanya lengelenge. Umbo lile lile, upana ule ule, bali haiingii. Nilipoiangalia kwa miwani nikakuta pini 15 kwenye safu tatu: waya wa skrini ya kompyuta. Aliyeamua nyaya mbili zisizohusiana zivae ganda moja, mimi na yeye tutaonana kwa Mola.

Kesho yake nilirudi, nikapata waya wenyewe kwa shilingi 5,000. Tatizo likahamia upande wa pili: laptopu yangu haikuwa na tundu hilo kabisa, kwa hiyo nikaongeza adapta ya kuchomeka kwenye yuesibii, shilingi 15,000. Adapta ikajipa mlango namba 7. Programu ya kupakia risiva, iliyotengenezwa na watu wasiotegemea wageni, orodha yake ya milango iliishia namba 4. Nilihangaika saa nzima kama mtu aliyeelekezwa nyumba ambayo mtaa wake umekwisha, mpaka nikagundua kwamba kwenye mipangilio ya kompyuta mlango unaweza kupewa namba nyingine. Nikaupa namba 2. Nikachagua kasi ya 115200, nikabonyeza kitufe cha kuanza.

Kimya. Kila baada ya muda ujumbe ule ule: kifaa hakijibu.

Mama alikuwa anachambua mchele. "Hakijibu?"

"Hakijibu."

"Umekisalimia?"

Nilikumbuka hila niliyowahi kuonyeshwa na fundi wa kompyuta ofisini. Unachukua klipu ya karatasi, unaikunjua, unaunganisha pini ya 2 na ya 3 kwenye mdomo wa adapta. Pini ya 3 ya kompyuta ndiyo inayosema, ya 2 ndiyo inayosikiliza. Ukiziunganisha, kila unachoandika kinazunguka na kukurudia, na hapo unajua kwamba adapta ni nzima. Nikafungua programu ndogo ya kuandikia, nikaandika "hujambo". Skrini ikaandika "hujambo". Nilishangilia hadi mpwa wangu akaja mbio.

"Imejibu?" Mama akauliza.

"Imejibu!"

"Risiva?"

"Hapana. Kompyuta."

"Imemjibu nani?"

"Imejijibu yenyewe."

Mama akarudi kwenye mchele wake. Baadaye nilimsikia akimwambia dada yangu kwenye simu kwamba nifunge tu, lakini nisifunge na jua.

Adapta nzima, mlango sawa, kasi sawa. Ikabaki waya. Nikaubeba mpaka kwa fundi redio wa barabara ya 9, mzee mwenye kibanda kilichojaa spika zisizo na wenyewe. Hakuniuliza habari ya programu wala ya asilimia. Alitoa tester, akagusa pini ya 2 upande huu na ya 2 upande ule: mlio. Ya 3 na ya 3: mlio. Ya 5 na ya 5: mlio.

"Waya mzima," akasema.

"Sasa mbona haufanyi kazi, mzee wangu?"

"Mzima, ila hauna adabu." Akaniinulia ncha mbili za waya, akazikutanisha kama watu wanaobusiana. "Mdomo huu umefungwa kwenye mdomo ule. Sikio kwenye sikio. Kompyuta inasema, risiva nayo inasema, na wote masikio yao yanasikilizana kimya. Utasubiri mpaka Idi."

Akapasua plagi moja, akayeyusha lehemu, akavusha nyaya mbili, za 2 na 3, akaiacha ya 5 palepale kwa kuwa hiyo ni ethi na haina maneno. Dakika kumi, shilingi 2,000. Kwa nje waya ulibaki kama ulivyokuwa. Hakuna binadamu anayeweza kuutofautisha kwa macho na ule wa asubuhi.

Bado kulikuwa na utaratibu wa mwisho, nao unataka watu wawili. Kijiprogramu cha risiva husikiliza kitambo kidogo tu baada ya umeme kuwashwa. Kwa hiyo unabonyeza kwanza kwenye kompyuta, kisha risiva inawashwa kwa swichi ya nyuma. Nilimweka Mama nyuma ya kabati la tivii, kanga kiunoni.

"Nikisema washa, washa."

"Bismillahi."

"Washa!"

Mstari ukatokea. Asilimia 1. Asilimia 2. Faili lilikuwa la megabaiti 2, na kwa kasi ile linahitaji dakika tatu na ushei. Dakika tatu hizo nilipiga marufuku pasi, blenda, na mpwa wangu. Jirani alibisha hodi akileta bakuli la magimbi ya nazi, akaambiwa asubiri barazani asije akatikisa nyumba. Mama hakutoka nyuma ya kabati. Nilimsikia akisoma Ayatul Kursiyyu, na ilipofika asilimia 60 akapandisha sauti bila kuambiwa.

Asilimia 100. Boti ikazama, zikaja sufuri nne.

Tatizo lililofuata silihesabu kuwa tatizo, ni adhabu. Risiva ilizaliwa upya ikiwa haimjui mtu, na ilizaliwa Mturuki. Menyu yote Kituruki. Nilizunguka humo nikitafuta mahali pa kubadili lugha, nikapita mara tatu juu ya neno "Dil" nikidhani ni mambo ya biashara. Mama, aliyesoma chuo akiwa mdogo, alikuwa ameshatambua "saat".

"Hapo si wameandika saa? Basi hayo mengine jirani zake. Ingia ingia tu."

Nikaingia kwenye "Dil". Ilikuwa lugha. Nikamtazama Mama, Mama akatazama pembeni kwa heshima.

Chaneli zote zilizokuwemo zilikuwa za anga la Ulaya, na masafa ya LNB, kile kichwa kinachokaa mbele ya dishi, yalikuwa ya madishi madogo ya huko. Nikaweka 5150, ambayo ndiyo ya LNB ya dishi kubwa kama letu, nikaanza kutafuta upya. Chaneli ya Makka ilipotokea, imamu alikuwa keshafika witri. Mama alikuwa amelala mkekani, mkono mmoja juu ya rimoti. Nilipunguza sauti, akafumbua jicho moja, akaipandisha.

Habari ya mtaa haina breki. Siku ya pili baada ya Idi akaja yule jirani wa magimbi na risiva yake kwapani, ya kampuni nyingine, nayo imeandika boti. Akaniita fundi. Mimi na waya wangu tulijaa kifua. Nikachomeka, nikabonyeza, Mama akashika nafasi yake nyuma ya kabati pasipo kuombwa.

Kimya. Nilibadili mlango, nikabadili kasi, nikatoa hata klipu ya karatasi. Mwishowe tukaongozana na jirani hadi barabara ya 9. Mzee alipima tundu la ile risiva, akacheka mpaka akaweka tester chini.

"Hii kwao wameshaivusha humo ndani kiwandani," akasema. "Hii inataka mdomo kwa mdomo."

Akanyoosha mkono kupokea waya wangu, na kwa mkono wa pili akaanza kupasha pasi ya lehemu. Shilingi 2,000.